Asubuhi Fusée ya Hadja Ilibaki Chini

Diplome yangu niliipata jioni. Wengine wanasoma wakiwa batoto, jua likiwaka. Mimi nilisoma nikiwa baba wa familia, katika darasa ambamo mwanafunzi kijana kuliko wote alikuwa na upara, na mwalimu wetu wa gestion, lile somo la kuendesha biashara, alifundisha kwa sauti ambayo, upepo ukiwa mzuri, ilisikika mpaka Lubero. Nilipofaulu, mke wangu aliitundika ile karatasi ukutani juu kabisa, mahali ambapo hata mimi lazima nipande kiti ili niisome. Sijali. Najua imeandikwa nini.

Mchana nilikuwa parking ya Butembo, kazi ambayo ninaifanya hadi leo. Naita abiria wa Beni, napanga mizigo juu ya gari, naamua nani anakaa mbele na nani anakaa na kuku. Niliita "Beni, Beni, Beni!" miaka mingi hivi kwamba nadhani sauti yangu ilikuwa inafika Bungulu, kule Beni, mbele ya magari. Na magari yenyewe yalikuwa ya Hadja.

Hadja ni mama mmoja Mwislamu aliyeanza na vitenge mbele ya mlango wa nyumba yake, akaishia na mabasi madogo yanayopanda na kushuka kati ya Butembo na Beni kila siku ya Mungu. Ni mama wa haki, anasaidia wagonjwa, hajawahi kumkata mtu mshahara kwa uonevu. Lakini akipita parking, nakuapia, moteri zilizokufa zilikuwa zinawaka zenyewe kwa woga. Na kwake kulikuwa na desturi moja ambayo kila mfanyakazi aliifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo: Hadja haambiwi neno baya mbele ya chai, yaani kabla hajainywa.

Ilianza kama heshima. Mama mkubwa ameamka alfajiri, ameswali, kwa nini umpige na habari ya pneu ya gari kupasuka akiwa bado na tumbo tupu? Shida ni kwamba chai ya Hadja ilikuwa haimaliziki. Anapeleka kikombe mdomoni, simu inalia. Anashusha, mgeni anaingia. Chai inapoa, inamwagwa, inaletwa nyingine. Kuna siku alikunywa chai ya asubuhi saa kumi za mchana. Kwa hiyo neno baya lilikuwa linangoja pale nje kwenye benchi pamoja na sisi, na likingoja sana linapungua. Chauffeur, yaani dereva, anasema boîte ya gia imevunjika, fundi anasema inasumbua, kesiya, mshika pesa, anasema inataka kuangaliwa, na mimi, kwa sababu nilikuwa msomi wao na msemaji wao, naingia kwa Hadja nasema, "Yote sawa, Hadja, ni kamambo kadogo tu."

Sasa, mwisho wa mwaka wa masomo, kila mwanafunzi alipaswa kufanya exposé, maelezo ya mdomo, mbele ya darasa na mbele ya mtu anayemwajiri. Mwenzangu mmoja alichagua sabuni. Mwingine kahawa. Mimi nilichagua fusée, zile roketi za kampuni za watu binafsi. Nilikuwa nimeona kwenye telefone fusée moja inarudi kutoka mbinguni na kusimama kwa miguu yake, wima, kama askari anayepiga saluti. Niliiangalia mpaka forfait ya internet ikakufa. Nikajiuliza: huyu anarusha chuma kwenye nyota na kinarudi salama; sisi tunatuma gari Beni na linalala njiani, Maboya. Tofauti iko wapi?

Mwalimu alitaka gestion, basi nikampa gestion. Nilisimama na chaki, nikachora fusée ubaoni, nikaeleza. Kwamba zamani kazi hii ilikuwa ya serikali peke yake, sasa kuna matajiri wenye kampuni zao, na wateja wao wanalipa kupandisha vyombo kule juu, hata watu. Kwamba karibu kila kampuni inaanza kwa kulipua. Kwamba fusée ina vipande vingi kuliko nywele za darasa letu zima, jambo ambalo kwa darasa letu halikuwa gumu. Na kwamba chef wa kampuni akitangaza tarehe mbele ya dunia nzima, mafundi wake wanaanza kuangalia tarehe badala ya kuangalia vipande. Kwa hiyo kule, mbele ya kuruka, wanaulizana. Kila anayelinda kipande chake anaulizwa kwa sauti, wote wakisikia: tunaenda ao hapana? Mmoja akisema hapana, fusée inabaki chini, hata kama wageni wameshakaa kwenye viti.

Hadja alikuwa amekaa mstari wa mbele na kesiya wake, na mkoba juu ya magoti. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Professeur," akasema (hilo ndilo jina la utani alilonipa siku ileile, na limenishika mpaka leo), "donc fundi mudogo anaweza kusimamisha fusée ya tajiri?"

"Ndiyo, njo vile, Hadja."

"Na kesho yake anarudi kazini?"

"Anarudi."

"Basi huyo tajiri ni mutu muzuri," akasema, na darasa likacheka. Mimi pia nilicheka. Nilipata pointi nyingi, sitasema ngapi, wengine wanaweza kulia.

Haukupita muda Hadja akanunua bus kubwa, ya mkono wa pili, iliyotoka upande wa Uganda. Tulizoea visanduku vyetu vya abiria kumi na kitu; hii tuliiona kama nyumba ya ghorofa. Akaita mchoraji, akamwambia achore fusée kwenye ubavu wake. Mchoraji alikuwa hajaona fusée hata kwa ndoto. Alichora kitu ambacho kila mtu aliyepita alisema ni muhindi wa kuchoma unaoungua. Hadja hakujali. Bus ikaitwa Fusée, na mimi nikaitwa bureau, ofisini kwa Hadja.

"Professeur, unipangie départ ya bus kama ya zile fusée," akasema. "Kila mutu aulizwe, ajibu, watu bote wasikie. Kisha tuhesabu kurudi nyuma. Nataka wale wenye parking zingine bashangae mpaka bashindwe kulala."

Nikapanga. Na hapa ndipo tulipofanya jambo ambalo nadhani hakuna kampuni ya fusée duniani iliwahi kulifanya: tulifanya répétition, mazoezi, ya majibu. Kila jioni baada ya gari la mwisho, tulisimama mstari mmoja. Mimi nauliza, "Chauffeur?" Yeye anajibu, "Tayari!" "Fundi?" "Tayari!" "Kesiya?" "Tayari!" Kisha najiuliza mwenyewe, "Msimamizi?" na kujijibu, "Tayari!" Hadja alitusikiliza kutoka dirishani akasema chauffeur anajibu kama mgonjwa, aweke nguvu. Tukarudia. Mwishoni ilikuwa imeshakuwa wimbo. Wauza ndizi wa pale parking walikuwa wanaitikia pamoja nasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kwaya ya mama wa kanisa moja la Kiprotestanti ilikuwa imekodi safari ya kwanza, kwenda kuimba kwenye mkutano wa kanisa Mulekera, Beni. Mama mzazi wa Hadja naye alitaka kwenda Bungulu kumwona ndugu yake, na akadai kiti cha mbele kabisa, kile cha kando ya chauffeur, kwa sababu alisema hajawahi kupanda fusée na hataki kuruka akiwa anaangalia mgongo wa mtu. Imamu aliitwa kwa dua, mchungaji kwa sala. Viti vya plastiki vilipangwa, pilau ilikuwa inanukia tangu alfajiri. Hata yule mwenye parking jirani, mshindani wetu wa siku zote, alikuja na koti, mikono amekunja, akitafuta kosa.

Nilifika mapema. Chauffeur wetu, mwanaume wa Beni mwenye mwili wa mlango wa godown, alikuwa ndani ya bus anakanyaga frein, yaani breki, na kuachia, anakanyaga na kuachia.

"Yaya, kaka yangu, unafanya mazoezi ya mpira?" nikamtania.

Hakucheka. "Panda. Weka mukono hapa uone."

Nikainama, nikaikandamiza pedale kwa mkono. Ilishuka taratibu, kama mtu anayeingia maji ya baridi, mpaka ikalala chini kabisa.

"Jana ilikuwa nusu," akasema. "Leo njo hii. Mais ukipiga mara tatu za mbio-mbio, inashika. Nitaizoea."

Utaizoea! Kutoka Butembo kwenda Beni barabara inashuka, na kuna mahali inashuka kama imesukumwa. Nikamtafuta fundi. Alikuwa amevaa shati jeupe la sherehe, ananawa mikono kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ile pièce ya frein imekufa," akasema bila hata kuniangalia. "Nilimwambia kesiya tangu juzi. Mupya itatoka Kampala."

"Na kesiya alisema nini?"

"Alisema Hadja hajakunywa chai."

Nikaenda kwa kesiya, mama mnene mwenye maneno makali, ambaye siku hiyo alikuwa amesuka nywele juu mpaka alikuwa mrefu kuliko chauffeur.

"Mimi nilisikia ni kuongeza huile tu, mafuta ya frein," akasema. "Fundi aliongea kidogo-kidogo, mimi si daktari wa magari. Na leo, Professeur, utamwambia nani? Angalia!"

Nikaangalia. Hadja alikuwa mlangoni anapokea wageni, kilemba chake kinang'aa, kikombe cha chai mkononi kimejaa mpaka juu, hajakigusa. Nikajaribu, hata hivyo. Nilimsogelea mara ya kwanza, imamu akafika. Mara ya pili, mtu wa radio akamwekea mikro mdomoni. Mara ya tatu nilifika kabisa, nikasema, "Hadja, kuna kamambo..." Akaniinulia kile kikombe usoni, kama trafiki anavyoinua mkono: ningoje amalize kunywa.

"Kisha chai, Professeur. Kisha chai!"

Kisha nikaona wanampandisha mama yake. Bibi kizee mdogo, mwepesi kama ndizi kavu, amevaa kitenge kipya, anasukumwa na mama wawili wa kwaya. Akakaa kwenye kile kiti cha mbele, akapiga kioo kwa kidole kuona kama ni kigumu. Akaniona, akanipungia mkono. Nyuma yake kwaya ilikuwa inajaa, mama kwa mama, na vikapu vyao, na batoto migongoni, wanaimba tayari. Nilikuwa na mke, batoto, mkopo wa mabati na diplome moja ukutani. Na parking ilikuwa moja tu inayonijua.

Mtu wa radio akanipa mikro. Hadja akasimama kando yangu, kikombe bado mkononi, akanikonyeza nianze.

"Chauffeur?" nikasema. Sauti yangu, ile inayofika Bungulu, haikufika hata kwenye viti.

"Tayari!" Chauffeur alijibu kwa nguvu zote alizofundishwa. Watu wakapiga makofi.

"Fundi?"

"Tayari!"

"Kesiya?"

"Tayari!" na wauza ndizi wakaitikia pamoja naye, walikuwa wanaujua wimbo.

Ikabaki mimi. Nikajiuliza, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kujiuliza: "Msimamizi?"

Hadja akanipiga kiwiko kidogo. Kwenye dirisha la mbele, mama yake akanipungia tena.

"Hapana," nikasema.

Kwanza watu walicheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Nikarudia, na mara hii Bungulu walisikia: "Hapana! Frein haishike. Fusée inabaki chini."

Wimbo wa kwaya ukakatika katikati ya aleluya. Yule jirani wa parking akafungua mikono aliyokuwa amekunja, akapiga paja lake. "Eh! Fusée inaogopa kuruka!" Na kicheko kikapita kwenye viti kama moto wa nyasi. Mimi nilikuwa namwangalia Hadja. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitauza nini: ndizi labda, wimbo nilikuwa naujua.

Hadja alimgeukia chauffeur. "Weye umesema tayari."

Chauffeur akainamisha ule mwili wake wa mlango. "Nilijibu vile tulijifunza, Hadja."

"Fundi?"

"Vile tulijifunza."

"Na weye?" akamwuliza kesiya. Kesiya alikuwa amefungua mdomo kujibu vilevile, lakini akabadilisha mawazo, akavuta pumzi. "Hadja, unisamehe, mais njo unatuziba kinywa na hiyo chai. Angalia. Iko mukononi mwako tangu asubuhi. Sisi tungekuambia saa ngapi?"

Nilifunga macho. Nilijua sasa tutakuwa wawili wa kuuza ndizi.

Hadja akatazama kile kikombe kama mtu aliyekikuta mfukoni bila kujua. Akakiweka juu ya kiti cha imamu. Akapandisha kanzu yake kidogo, akapanda bus, akakaa mahali pa chauffeur kando ya mama yake, akakanyaga frein na kiatu chake cha sherehe. Tulimwona anazama upande mmoja. Akakanyaga tena. Akakaa pale, mikono kwenye usukani, na mama yake akamwuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Binti yangu, tunaruka ao haturuki? Kama haturuki mimi nashuka, pilau inapoa."

Akashuka naye, amemshika mkono. Akachukua mikro kwangu.

"Imamu, mchungaji, bamama ba kwaya," akasema, "mumesikia. Fusée inabaki chini. Bamama ba kwaya bataenda na magari yetu madogo, yale munayajua. Wengine bote, mukule." Kisha akamgeukia jirani yetu. "Na weye, baba, usicheke sana, ukule pia. Kesho utarudi kwako, utakanyaga frein zako zote moja-moja, unieleze."

Jirani akaacha kucheka. Alikula, hata hivyo. Sahani zake sikuzihesabu, ila alikula kama mtu aliyetumwa na kijiji chake chote.

Baada ya wageni kuondoka, Hadja aliniita bureau. Nikaingia nimejikunja, nimeandaa maneno ya kuomba msamaha ya Kifaransa, yale marefu ya diplome. Alikuwa amewasha jiko mwenyewe. Akamimina chai, ya moto, ya maziwa na tangawizi, akanisukumia mimi.

"Kunywa."

"Na weye, Hadja?"

"Mimi nitakunywa kisha. Mwenye kuleta neno mubaya njo anakunywa wa kwanza. Tangu leo."

Nikanywa. Ilinichoma ulimi mpaka kwenye masikio. Sikuthubutu kupuliza.

Desturi ile mpya ilishika kwa namna ambayo hata mwalimu wangu wa gestion asingetabiri. Wiki iliyofuata kulikuwa na foleni mlangoni kwa Hadja tangu alfajiri, kila mtu na neno lake baya na kiu yake. Chauffeur mmoja alileta habari kwamba kioo cha pembeni kinamtazama vibaya. Fundi akasema ufunguo wake wa nati, wa namba kumi na tatu, una huzuni. Kesiya alikuwa na neno baya kila siku, na kila siku alikuwa anaomba sukari zaidi. Hadja alinung'unika kwamba tutamfilisi kwa maziwa, lakini alimimina. Na katikati ya upuuzi huo wote yalikuwa yanakuja ya kweli: taa, ukanda, pneu yenye tumbo. Yanakuja yakiwa bado ni mazima, hakuna aliyeyapunguza.

Ile pièce mpya ya frein ikatoka Kampala. Fusée ikapangiwa safari upya, bila radio, bila viti vya wageni. Hadja alitaka tuulizane tena, lakini alikataza répétition. Kwa hiyo tulisimama mstari, na nikauliza, na kwa mara ya kwanza sikujua mtu atajibu nini. Nakwambia, ile ni hisia tofauti kabisa. Chauffeur alipanda, akakanyaga, akashuka, akatembea kuizunguka bus nzima, ndipo akasema, "Tayari," polepole, kama mgonjwa. Hadja hakumkosoa. Fundi alisema hapana. Akaingia chini ya bus, akakaza kitu kimoja, akatoka na vumbi kichwani, akasema sasa ndiyo. Kesiya: ndiyo. Mimi: ndiyo.

"Na mimi?" Hadja akauliza. "Hapana mutu ataniuliza mimi?"

Tulikuwa hatujawahi kufikiri hilo. Nikamwuliza. Akamwangalia mama yake, aliyekuwa tayari kwenye kiti kilekile na kitenge kilekile, akafikiri, akasema, "Ndiyo. Na mimi napanda."

Tukashuka kuelekea Beni. Nilikaa nyuma ya chauffeur, macho kwenye mguu wake. Kila mteremko alikanyaga mara moja tu, na bus ikatii kama ng'ombe mpole. Nilihesabu miti kando ya barabara mpaka ikanichosha, nikalala, na nilipoamka tulikuwa Bungulu, hewa ya moto imeingia dirishani, na upande wa Ruwenzori mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo. Hadja alikuwa anashusha mama yake, mguu kwa mguu.

Bibi kizee akasimama chini, akanyoosha kitenge, akaigeukia bus. Akaitazama kutoka juu mpaka magurudumuni, kisha ule muhindi unaoungua, kisha mimi.

"Weye njo Professeur wa fusée?"

"Njo mimi, mukaka, bibi yetu."

"Basi unipe chai, niko na neno mubaya," akasema. "Hii kitu yenu haikuruka hata kidogo. Imetembea chini tangu Butembo mpaka hapa."